Malalamiko Juu ya Watu Waliojenga Daraja Bila Kuamriwa

Bokoli,
Juni 1953

Kwa Mheshimiwa Chifu Mukhisa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi Jotham Walubengo, mkuu wa kijiji uliyemweka wewe mwenyewe, naleta malalamiko juu ya mjane Nakhungu na wenzake. Watu hawa hawaipendi nchi. Ushahidi ni huu:

1. Uliniagiza nipeleke lori zima la watu Kitale kushangilia kutawazwa kwa Malkia. Nilipiga filimbi tangu alfajiri. Nakhungu akasema mafuriko yamechukua daraja la mto Kuywa na binti mmoja wa shule nusura azame, hivyo kijiji kizima kinakwenda kukata miti. Nikaenda na dereva Kimeli tu. Bendera za watu wote nilizipeperusha peke yangu kwa mikono miwili, na zilizobaki nikaziuma kwa meno. Bwana DC aliuliza kama mimi ni mgonjwa.

2. Niliporudi niliwakuta ndani ya maji, wakifanya kazi kwa hiari yao. Hapakuwa na askari wala kiboko. Chifu, watu wakizoea kufanya jambo jema bila kulazimishwa, sisi tutawalazimisha nini?

3. Hasina, Mwislamu mwenye duka karibu na msikiti wa Bungoma, alileta kamba na birika la chai. Kimeli naye, ambaye ni Mnandi, alizima lori akavua viatu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kabila wala dini. Wakishasahau mambo haya, serikali itawatenganisha vipi?

4. Nakhungu alivaa koti la jeshi la marehemu mumewe, aliyefia Burma, nalo limejaa matope. Hili liliniuma sana. Nikasimama ukingoni nikamwuliza mbele ya watu kama anaipenda nchi yake. Hakukasirika. Alisema, "Naipenda, mzee Jotham. Hebu shika gogo upande ule."

Nililishika, lakini kwa uchunguzi tu. Lilikuwa zito, na uchunguzi ukaendelea mpaka jioni.

Kwa hiyo naomba Nakhungu akamatwe, daraja livunjwe, kisha lijengwe upya kwa amri, na watu wale wale, safari hii wakinung'unika ipasavyo. Wakati huo wanafunzi wangoje ng'ambo kwa utulivu, wakiimba wimbo wa Malkia.

Nisalimie mama Rispah, watoto, makarani wa baraza na yeyote atakayeuliza habari zangu.

Ni mimi mtumishi wako, mpenda nchi kuliko wote hapa,
Jotham Walubengo

Nyongeza: Askari wa kumkamata Nakhungu tafadhali asije Jumatano. Siku hiyo tunaezeka darasa, yeye ndiye anayetupangia kazi, na mimi nitakuwa juu ya paa. Alhamisi pia hapana, tunakandika kuta. Kwa kweli ni afadhali asije kabisa, labda kama ana nyundo yake mwenyewe.