Bastola ya Mzee Ansel Si Nyundo

Verlin Pruett,
Hadley Fork, Kansas.
9 Septemba

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mlinzi wa Kaunti.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana mimi nimeiandika nikiwa nimesimama kwa hasira. Nimesoma gazeti lako miaka thelathini na minane. Hata mwaka ule mlipochapisha picha ya ng'ombe wangu mkaweka chini yake jina la mke wangu, sikulalamika. Leo nalalamika.

Unafahamu kwamba nilimpelekea mthamini wenu wa vitu vya kale, Bw. Royce Haskin, bastola ya ukoo wetu. Sikumpelekea aichunguze, nilimpelekea aisifu. Kwa heshima ya bastola hiyo familia yetu hutangulia gwaride la Siku ya Walowezi kila mwaka. Mama yangu Ardith, mwenye miaka themanini na minane, hukaa kwenye gari la wazi akiwa ameipakata, nami hutembea kando nikisimulia kwa kipaza sauti jinsi Mzee Ansel, babu wa marehemu baba yangu, alivyowaua majambazi saba mlangoni pake mwaka 1878. Mwaka huu kamati ya gwaride ilitaka tu karatasi ya mthamini ya kuweka kwenye faili. Basi Alhamisi Bw. Haskin akaandika hivi kwenye safu yake, mbele ya kaunti nzima: "Bastola ya bei rahisi kutoka Ubelgiji, iliyoagizwa kwa posta. Imetumika zaidi kama nyundo. Thamani yake ni dola arobaini, ukipata mnunuzi mwenye huruma."

Kabla ya jua kuzama kamati ilikuwa imeshatuhamisha. Sasa tumepangwa nyuma ya farasi wa Neva Stoltz. Ni farasi kumi na wawili, Ndugu Mhariri, na wote wana afya njema ya tumbo. Gwaride ni Jumamosi. Kwa hiyo naomba masahihisho kabla ya siku hiyo, na hoja zangu ni hizi:

1. Bw. Haskin anasema muhuri wa kiwanda uliopo kwenye bastola haukuanza kutumika hadi mwaka 1893, ilhali mapigano yalikuwa 1878. Sioni tatizo liko wapi. Mzee Ansel alikuwa mtu wa kuwahi. Hata kanisani alikuwa akifika kabla ya mchungaji.

2. Anasema bastola ina matundu matano ya risasi, na mpini una mikato saba, mmoja kwa kila jambazi. Hesabu hiyo ameitoa kwa furaha ya mtu aliyemfumania mwenzake. Majambazi wawili walikufa kwa woga. Yeyote aliyewahi kuona picha ya Mzee Ansel atanielewa, na ndivyo nitakavyosimulia kuanzia mwaka huu.

3. Kuhusu nyundo. Ni kweli kitako kimebonyea, na ni kweli kwenye mibonyeo mna kutu ya misumari ya uzio. Lakini jiulize: mtu akishaua majambazi saba, amebakiwa na kazi gani? Kujenga uzio! Mibonyeo ile ni ushahidi wa amani aliyoileta.

4. Kama Bw. Haskin ana hakika kwamba majambazi wale hawakuuawa, basi awalete.

5. Sina tena pa kupita. Kwenye duka la chakula cha mifugo, Dwight Ohlsen alinipigia kelele watu wakisikia: "Verlin! Niazime ile bastola yenu, mke wangu ana picha anataka kutundika!" Kinyozi naye: "Leo tulia kwenye kiti, bwana, usije ukanipigilia msumari." Hao nawamudu, ni watani wangu. Lakini Neva Stoltz alinishika bega akaniambia kwa upole, "Pole, jirani. Ijumaa farasi nitawapa nyasi kidogo tu." Huruma ya namna hiyo ndiyo inayoniua.

6. Mama yangu. Haya mengine ni kelele, hili ndilo linaloniuma. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za bastola nikiwa na miaka sita, mwaka uleule tulipomzika baba. Hatukuwa na kitu kingine cha kujivunia, ni hicho tu. Tangu Alhamisi nimemficha gazeti, nikamwambia mbwa amelitafuna. Mbwa wetu alikufa masika. Mama akisikia kwamba alichokipakata miaka yote hii ni nyundo, nani atanirudishia mama yangu?

Kwa hiyo naomba kwa heshima: Bw. Haskin ayafute maneno yake kwa herufi kubwa zilezile. Serikali ya Ubelgiji iandike barua kukana kwamba iliwahi kuiona bastola yetu. Na Jumamosi Bw. Haskin mwenyewe atembee nyuma ya wale farasi na koleo mkononi, ili naye athaminiwe.

Nisalimie wachapaji wote, mkeo, na yule binti wa mapokezi anayenikatia simu. Nisalimie pia Bw. Haskin, lakini kwa sauti ndogo.

Ni mimi msomaji wako, kwa sasa,

Verlin Pruett

Nyongeza: Mama amenikuta nikitafuta stempu, akaichukua barua hii akaisoma yote. Gazeti alikwisha kulisoma Alhamisi, nyumbani kwa Neva Stoltz. Anasema Mzee Ansel aliiagiza bastola kwa posta na kweli alijengea uzio. "Mimi nilikusimulia mwizi mmoja tu, Verlin, tena wa kuku, na alikimbia. Hao wengine umewaua mwenyewe." Nikamuuliza, na mikato je? Anasema aliikata yeye, kwa kisu cha kumenyea viazi. Baada ya mazishi ya baba nilikuwa naogopa kulala, nikawa nakojoa kitandani kila siku. Akaiweka bastola juu ya kabati langu, akaniambia hakuna kitakachoingia humu. Kila asubuhi aliyokuta shuka kavu, alikata mkato mmoja. "Ilipofika saba nikaacha kuhesabu, mwanangu. Ulikuwa umepona." Kumbe ndicho alichokuwa akikipakata miaka yote hiyo.

Kwa hiyo usiichapishe barua hii, nakuomba sana. Mwambie Bw. Haskin afute neno mnunuzi tu, kwa sababu haiuzwi. Na waambie kamati tutakaa palepale nyuma ya farasi, hatuna neno. Ila kama una uwezo wowote juu yao, wafanye hima kuharibu vyombo vya sauti kabla ya Jumamosi. Mama anasema mwaka huu kipaza sauti atashika yeye.