Mume Wangu Alijitolea kwa Jamii, na Jamii Hiyo Ni Mimi

Kitongoji cha Karangsekar, Java

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Basi, kama nilivyokuwa nikimweleza karani wako kabla simu haijakatika, sikatai kwamba ile sabuni haikuganda. Ninachokataa ni mume wangu kufelishwa kwa ajili yake.

Mimi ni Lestiyani, mke wa mwanafunzi wako Gilang, au Mas Gilang kama ninavyomwita kwa heshima. Tumeoana majuzi tu. Nyumba bado inanukia yasmini, na nikiitwa "mke wa Gilang" sokoni najifanya sijasikia ili niitwe tena.

Miezi michache iliyopita mlituletea wanafunzi wafanye kazi ya kujitolea kijijini, kama kila mwanafunzi wako anavyopaswa kabla ya kuhitimu. Walilala kwetu, kwa kuwa baba yangu, Pak Tukijan, ndiye kiongozi wa kitongoji. Siku ya kuwapokea, mhadhiri wao Bu Harsini alishika kipaza sauti akasema mwanafunzi ana wajibu wa kujitolea kwa jamii kwa moyo wote, na chuo kina wajibu wa kumlea kama mzazi. Tulipiga makofi sana. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mas Gilang ametimiza wajibu wake. Alipangiwa kuwafundisha akina mama kutengeneza sabuni kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa. Somo la kwanza alifundisha. La pili nilipita mlangoni na kikapu changu cha kahawa, na masomo yakaishia hapo. Bu Harsini alipokuja kukagua alimkuta shambani kwetu, amenishikia tawi nichume. Akamuuliza, "Gilang, jamii uliyotumwa kuihudumia iko wapi?" Mas Gilang, ambaye hajui kudanganya, akaninyooshea kidole. Mheshimiwa, kwani mimi si jamii? Nina kitambulisho na napiga kura. Wenzake walijigawa kwa kitongoji kizima, kila mtu akapata kidogo kidogo. Yeye alijitoa mzima mzima kwa mtu mmoja. Nani kati yao amejitolea kwa moyo wote?

2. Chuo, ambacho ni mzazi, hakikuja kuposa. Hilo nimelisamehe. Lakini matokeo mliyatuma kwenye simu yake asubuhi ya harusi, mimi nikiwa bado napambwa. Mume wangu akakaa jukwaani na uso wa msiba hadi mpiga picha akamfokea, "Mas, cheka basi! Umeoa, hujafiwa!" Shangazi zangu nao wakawa wananong'onezana, "Maskini, ameshaanza kujuta." Mzazi gani humfanyia mtoto hivyo? Picha ile itakaa ukutani kwetu maisha yote.

3. Mnasema arudie kazi hiyo mwezi na nusu mahali pengine, la sivyo hahitimu. Naomba ufikiri nami kwa utulivu. Huko nako kuna jamii. Pengine ni jamii ya miaka ishirini, yenye nywele hadi kiunoni na shamba lake la kahawa. Mume wangu akiambiwa ajitolee, hujitolea. Ushahidi ni mimi. Akifanya huko kama alivyofanya hapa, nitakuwa mgeni wa nani? Na mkimfelisha tena, atarudia wapi? Chuo kitamaliza vitongoji vyote vya Java.

4. Alipofika hakujua mbuzi analia kwa sababu gani. Leo anawakatia majani mbuzi wa baba kabla jua halijachomoza, huku akiimba. Sabuni yake naiogea kila siku. Ni ya majimaji na inanukia tempe, yaani soya, ya kukaanga, lakini sijawahi kujisikia msafi hivi.

Kwa hiyo naomba ndoa yetu ihesabiwe kuwa ndiyo kazi yake ya kijijini, naye apewe alama A. Kama sheria inabana sana, B tutaipokea, ila macho yake yanastahili A.

Nakusalimu wewe na mkeo, ambaye natumaini bado unamshikia tawi. Msalimie Bu Harsini, sina kinyongo naye, pamoja na karani wako na walinzi wa getini.

Ni mimi, mwenye heshima kwako na furaha isiyo kifani,

Lestiyani, mke wa Gilang

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha baba alipoingia na barua yenu mkononi. "Nduk, binti yangu, acha kulia. Mumeo haendi popote, wamempangia hapa hapa! Masharti ni yale yale: alale kwa kiongozi wa kitongoji, na asitoke bila ruhusa yangu. Angefaulu, kesho angepanda basi kwenda mjini kuandika tasnifu."

Mheshimiwa, naomba uyapuuze yote yaliyo hapo juu. Nimetafakari upya. Mume wangu alifeli, tena alifeli vibaya. Akina mama hawajajifunza kitu, na jamii ya hapa bado ina mahitaji makubwa, hasa jioni. Mwezi na nusu hautoshi. Chuo kina wajibu wa kusimamia sheria zake bila huruma, na kabla ya mwezi huu kuisha nitafika mwenyewe ofisini kwako kuhakikisha hakuna mtu aliyemsamehe.