Abdulrahmani wa Matongo

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata akili! Mimi Filemoni, mwandishi pekee wa Matongo (Mwalimu Wilbard simhesabu), nimepata dawa ya kitu kilichonitesa mwaka mzima. Majina! Mwaka jana redio ya wilayani walisoma hadithi yangu ya mlevi aliyelala zizini akidhani yuko kitandani kwake. Nilimwita Mwita. Asubuhi yake wakaja akina Mwita mlangoni, wa kutosha timu ya mpira na wa akiba juu. Kila mmoja anataka kujua nani kanisimulia.

Safari hii nina tamu kuliko ile. Ni ya Baba Mdogo Mogesi. Kila msiba, kila harusi, lazima asimulie alivyopambana na simba kule Machochwe, karibu na hifadhi. Nilikuwepo. Simba mwenyewe alikuwa ndama! Baba Mdogo alipanda mti, akabaki huko akiita mama yake mpaka kukakucha. Niliapa sitasema. Lakini kuandika si kusema.

Shida ni moja. Jumapili hii Baba Mdogo ndiye anakwenda kuniombea mchumba, hukohuko Machochwe, kwa baba yake Irine. Baba yangu alishafariki. Baba Mdogo asipokwenda, hakuna wa kunisemea, na Irine atachukuliwa na yule afisa mwenye pikipiki mpya. Kusubiri nako siwezi. Redio wanachagua hadithi ya kusoma Alhamisi, na Wilbard ameshatuma yake.

Kwa hiyo wahusika wote watakuwa Waislamu. Hapa kwetu Waislamu ni Nesi Mwanahamisi wa zahanati na watumishi wengine wachache. Nani atalalamika? Nani atajitambua?

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda zahanati kumwonyesha Nesi jina la mhusika mkuu: Alhaji Shehe Maalimu Imamu. Nesi kacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi akacheka naye. Kasema hivyo vyote ni vyeo, mtu wangu bado hajapewa jina.

Kanifundisha kwa upole. Kwao Pangani mtoto wa mwezi wa Rajabu anaweza kuitwa Rajabu, wa Shabani akaitwa Shabani. Kumbe ni kama sisi, maana Mogesi naye ni wa wakati wa mavuno. Nimeuliza kama mlafi anaweza kuitwa Ramadhani. Kajibu ana mjomba wake anaitwa hivyo, na hakuna sinia lililowahi kumshinda.

Baba Mdogo nimempa Abdulrahmani. Jina refu, zito. Hata kulitamka hawezi, atajitambua vipi?

Nesi kasoma ukurasa wa kwanza. Kaniuliza Abdulrahmani anafanya nini na kibuyu cha pombe. Nimesema anapumzika. Kanirudishia karatasi, kasema Mwislamu hapumziki na pombe.

Basi nimefuta pombe kote, nimeweka chai. Sasa wazee wanakunywa chai, wanaimba, wanagombana, wanaanguka mtaroni. Imekaa vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Yule mgonjwa wa kwenye benchi alikuwa jirani yetu Laurensia. Kufika mchana Matongo nzima inajua nasilimu.

Mama kanikalisha chini. Hakulia. Kasema tu kama ni kweli niseme mapema, maana mtama wa pombe ya sherehe ameshauloweka. Irine naye kapiga simu kuuliza siku hizi aniite nani. Aliyefurahi ni Baba Mdogo! Kasema dini ni ya mtu na Mungu wake, yeye ana swali dogo: pilau itakuwepo?

Ningewaambia ukweli, lakini ukweli ni hadithi, na hadithi ni yeye. Nimesema bado natafakari. Wilbard kazunguka njia ndefu makusudi, eti anisalimie asalaam aleikum. Mjinga mkubwa.

Nimetuma redioni. Liwalo na liwe.

Alhamisi, 12 Juni

Wamesoma yangu! Ya Wilbard wameitupa!

Jioni watu wamejaa dukani kwa Jackson, redio imeunganishwa kwenye spika. Baba Mdogo kakaa mbele kabisa. Abdulrahmani alipoanza kukimbia, hakuna aliyecheka kama yeye. Kasema watu wa pwani jamani, waoga! Abdulrahmani kapanda mti, Baba Mdogo anajipiga mapaja. Kichakani katoka ndama, Baba Mdogo anafuta machozi. Hajajitambua hata kidogo! Nikamtazama Wilbard kwa huruma.

Ndipo mtangazaji akafika pale Abdulrahmani anapomlilia fahali wake aliyemwacha nyumbani. Fahali mweupe, doa jeusi ubavuni, pembe ya kushoto imepinda mpaka jichoni.

Vichwa vyote vikamgeukia Baba Mdogo.

Mungu wangu. Watu wote nimewabadilisha majina, ng'ombe nimemwacha vilevile! Na hapa kwetu mtu anaweza kusahau jina la shemeji yake, lakini fahali wa Mogesi anajulikana mpaka Nyakunguru.

Baba Mdogo kasimama. Lakini mti wala haukumuuma. Kilichomuuma ni fahali! Kafoka kwamba yule ng'ombe kamlea mwenyewe tangu anazaliwa, iweje redio imgawe kwa mtu wa pwani? Kaita mashahidi. Duka zima likakubali: kweli, fahali ni wa Mogesi. Kamlazimisha Jackson apige simu redioni palepale, wakamweka hewani. Wilaya nzima imemsikia Baba Mdogo akitaja jina lake, ukoo wake na kijiji chake, akiapa kwamba fahali ni wake na hana mwenzake.

Mtangazaji kamuuliza kwa adabu kama na mti ule ni yeye aliyeupanda.

Sikusubiri jibu. Nimekimbia.

Ijumaa, 13 Juni

Baba Mdogo kajifungia. Kasema Machochwe hakanyagi, na mimi nikitaka mke nimtume Abdulrahmani. Nimempelekea jogoo kuomba msamaha. Mlango umefunguka, mkono umetoka, jogoo ameingia, mlango umefungwa.

Nimekaa nyuma ya zizi nikalia. Nampenda Irine, si mchezo. Nesi kapita kunipa pole. Kasema walau chai ilimfurahisha.

Jumamosi, 14 Juni

Irine kapiga simu! Baba yake naye alisikiliza. Kumbe yule ndama alikuwa wake! Alfajiri ile alimwona Baba Mdogo mtini, akapita kando kimyakimya ili asimwaibishe mgeni. Miaka yote hii kajikaza asicheke. Juzi kacheka mpaka wakamletea maji. Sasa kasema bila Mogesi hapokei ujumbe wa mtu yeyote, na mbuzi ameshamtenga.

Nimekimbia kwa Baba Mdogo nikasema hayo yote kupitia mlango. Nilipofika kwenye neno mbuzi, mlango ukafunguka.

Ila katoa sharti. Nisimwandike tena maisha yangu yote, kwa jina la Kikristo, la Kiislamu wala la kimila. Nimepiga magoti nikaapa, mbele ya Mama na mbele ya fahali.

Jumatatu, 16 Juni

Tumekubaliwa! Irine ni wangu! Jana Baba Mdogo kanisemea mpaka wakwe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hata habari ya mti kaitania mwenyewe. Nimejaa shukrani. Sitamsahau kamwe.

Baada ya mbuzi akatoka kwenda chooni. Njiani akakutana na yule ndama, ambaye sasa ni dume kubwa. Baba Mdogo aliingia jikoni kwa wanawake kwa kupitia dirishani! Kaniona nimemwona. Kaweka kidole mdomoni. Nikamwitikia kwa kichwa.

Sasa, mwandishi gani anaweza kuacha kitu kama hicho?

Nimeanza leo asubuhi. Kosa langu nimeshalijua, na halirudiwi: ni ng'ombe. Kwa hiyo katika hadithi hii hakuna ng'ombe hata mmoja. Baba Mdogo anaitwa Shabani, anaishi jangwani, na fahali wake nimemfanya ngamia. Ngamia mkubwa mweupe, doa jeusi ubavuni, pembe ya kushoto imepinda mpaka jichoni.