Mpiga Gitaa Kanyamaza, Mimi Nimesema

Jamani, leo nimeaibika hadi kuku wetu wameona. Naandika nikiwa jikoni, mlango nimeuegesha, moshi unanitoa machozi. (Ni moshi. Nimesema ni moshi.)

Wengi mnajua ninavyoipenda Vumbi la Kiangazi. Kwa asiyejua, ni bendi ya roki ya huku kwetu, ile yenye gitaa linalopiga kelele mpaka ng'ombe anaacha kula. Ilivunjika miaka kadhaa iliyopita. Mwaka huu imerudiana, na Jumamosi hii inapiga Mbulu mjini. Mimi sijawahi kuwaona jukwaani hata siku moja, ni shabiki wa kitandani. Ila niliapa Jumamosi hii nitatoka hapa kijijini Nambis kwa miguu yangu mwenyewe. Koti nimeshafua.

Sasa asubuhi ya leo redio ikampigia simu Tluway, mpiga gitaa wao, moja kwa moja hewani. Grupu zima la mashabiki tukatega masikio. Tulitaka kujua jambo moja tu: yeye na Safari, mwimbaji, wamepatana kweli? Maana wasipopatana, Jumamosi inaweza kuishia kwenye wimbo wa pili.

Mtangazaji akaanza, "Kaka Tluway, nini kiliivunja bendi?"

"Tulipumzika."

"Inasemekana mligombana na Safari."

"Watu husema mengi."

"Lakini sasa mko sawa?"

Kimya. Jogoo akawika. "Mungu ni mwema."

"Mnaongea? Mnapigiana simu?"

"Mvua mwaka huu zimekuwa nzuri."

Mvua! Mtu kaulizwa simu, kajibu mvua! Na sauti yenyewe ya chini, kama mtu anayeiba mayai huku kuku anamtazama.

Grupu likachemka. Petro wa Masieda akaandika, "Hawajapatana hawa. Mtu aliyepatana hataji mvua." Mwingine akasema kafungwa mdomo na mkataba. Mwingine akasema jino linamuuma. Mimi, msimamizi wa grupu, nikamwaga uchambuzi mrefu kama shairi: kile kimya kabla ya jogoo ni hasira, na "Mungu ni mwema" ni neno la mtu aliyeshindwa na binadamu.

Petro akanichokoza, "Dada Paskalina, wewe hata kijiji cha pili hujafika, moyo wa mtu umeufikaje?"

Nikamjibu kwamba kusikiliza hakuna nauli. (Nilijiona mjanja sana. Kumbukeni hilo mnaponihurumia.)

Simu ikabidi niiweke, maana leo ilikuwa zamu ya maharage yetu kupurwa. Kazi hiyo huku ni ya majirani wote, leo kwangu kesho kwako, na mwenye mgeni anakuja na mgeni wake. Wakafika wamejifunga nyuso kwa kanga na vitambaa, yamebaki macho tu, kwa sababu vumbi la maharage likikuingia puani utapiga chafya mpaka Krismasi.

Nililelewa kumsalimia kila mkubwa peke yake, nimuulize watoto, nimuulize mifugo. Leo nilikuwa na mambo ya bendi kichwani. Nikasimama mlangoni nikapiga moja ya jumla: "Shikamooni wote!" Wakaitikia "Marahaba," nikaokota fimbo. Mama yangu alinitazama jicho moja, ningeelewa ningerudi kumsalimia mmoja mmoja.

Jirani yetu Mama Neema alikuja na dada yake kutoka Hirbadaw, Mama Elibariki, mama mtu mzima, mpole, anapura polepole lakini ganda halibaki. Nyuma yao alikuwepo mwanaume mrefu mwenye kofia ya baridi, kitambaa hadi kwenye kope. Huyo akaenda kusimama mwisho kabisa wa turubai, akatupa mgongo. Nikajua ni baridi.

Tukapura. Mama yangu akaniuliza, "We Paskalina, hiyo fimbo inagusa chini au unaota?"

"Mama, namuwaza Tluway."

"Tluway yupi tena?"

"Mpiga gitaa! Leo kaongea redioni kama mtu aliyemeza kijiko."

Kule mwisho fimbo ikasimama. (Nikasema moyoni, mwanaume mzima kachoka mapema hivi!)

"Eti wamepatana na Safari," nikaendelea. "Wapi! Mama, ungeona siku ya mwisho walivyofanyiana!"

Mama Neema akakohoa. Nikamwambia, "Mama Neema, funga kitambaa vizuri, vumbi hilo."

Basi nikawaonyesha. Fimbo ikawa gitaa. Nikajipinda kama Tluway anapopandisha sauti, halafu nikaruka upande wa pili nikawa Safari, nikachomoa waya katikati ya wimbo. Nikarudi kuwa Tluway, nikamkaba Safari shati. Nikawa Safari tena, nikamsukuma Tluway akatumbukia ndani ya ngoma kubwa, mguu ukakwama, akatoka jukwaani anaburuta ngoma kama ndama aliyekwama kwenye ndoo! Watu wakaanza kucheka. Mama Neema akakohoa mpaka akashika magoti. Mimi huyo, nimenoga!

"Na Safari akaapa mbele ya watu," nikamalizia, fimbo juu, "kwamba hatapanda jukwaa moja na yule mtu mpaka mmoja wao azikwe!"

Mama Elibariki akaweka fimbo yake chini.

"Binti. Huyo Safari ni yupi? Wa Hirbadaw?"

"Ndiyo mama, wa Hirbadaw kabisa!" nikasema kwa furaha, nikidhani nimepata shabiki mwenzangu.

"Kwa hiyo alimsukuma shemeji yake."

"Shemeji?"

"Mimi nilimzaa Elibariki kwanza," akasema taratibu. "Akafuata Safari. Wa tatu ni binti, na mume wake ni yule pale. Mimi niliambiwa bendi imepumzika."

Sisi mashabiki tunajua mpaka rangi ya soksi za Tluway. Alikooa hakuna aliyewahi kuuliza.

"Asubuhi alipopigiwa simu nilikuwa nimekaa naye hapo kwa mdogo wangu," akaongeza. "Nikashangaa mbona anataja mvua."

Jamani! Grupu zima tumezaliwa huku, tumelelewa huku. Tumewaza mkataba, tumewaza jino. Hakuna aliyewaza mama mkwe! Nani huku kwetu anaweza kumsema vibaya mtoto wa mama mkwe wake huku mama mwenyewe anasikiliza?

Yule mwanaume akageuka, akashusha kitambaa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Tluway kwa macho, maganda ya maharage yamejaa kwenye nyusi. Akanitazama, hata hasira hakuwa nayo, na hiyo ndiyo iliyoniua.

"Dada," akasema, sauti ile ile ya redioni, "mtangazaji kanihoji mpaka simu ikapata moto, sikusema kitu. Wewe hujaulizwa hata swali moja."

"Shikamoo, kaka," nikasema. (Ndiyo. Hapo ndipo nilipokumbuka kusalimia.)

"Marahaba," akajibu, akitazama chini.

Mama Elibariki akamgeukia. "Mkwe, mpigie Safari aje hapa leo hii. Na wazee waitwe. Hakuna atakayegusa gitaa mpaka mmekaa chini mkasemezana, nami nasikia."

"Lakini mama, Jumamosi..."

"Jumamosi ipo kila wiki."

Yaani miaka yote tumeingoja bendi irudi, na mtu wa kuizuia nimekuwa mimi, na fimbo ya maharage! Mama yangu akaniambia kwa sauti ya kunisitiri, "Paskalina, nenda kaangalie makande." Nikakimbia. (Leo hatujapika makande. Tumepika ugali.)

Nilidhani yameishia hapo. Sasa hivi nasikia pikipiki inaingia uani, na kupitia mlango nimemwona Safari anashuka, kanuna, hajui alichoitiwa. Wazee wanasogezewa mabenchi. Na Mama Elibariki ananiita: "Yule binti asijifiche, aje. Habari hii anaijua kuliko wenyewe, atakuwa shahidi."

Shahidi! Mimi! Mbele ya bendi nzima!

Naombeni asicheke mtu. Na kama kuna yeyote kati yenu aliyekuwepo kweli siku ile walipogombana jukwaani, anitumie haraka ilivyokuwa, maana wazee wameanza kukaa.