Namba Mbili kwa Wiki Kumi na Moja

Salmin wa Bondeni aliingia hadiwea ya Okeyo pale Free Area kuomba misumari ya mabati kwa mkopo, akatoka na biashara. Ndivyo alivyo. Ukimtuma chumvi, atarudi bila chumvi, na mwenye duka atabaki mlangoni akimpungia mkono.

Misumari yenyewe ilikuwa ya mama yake. Paa la Mama Salmin lilivuja hadi ndoo iliyokaa kando ya kitanda chake ikawa sehemu ya fanicha, na wageni waliambiwa waikwepe. Salmin aliahidi mabati mapya miaka mitatu mfululizo. Mvua ilikuwa inakaribia tena.

"Boss, nusu kilo tu. Mathe nyumba inavuja."

"Mkopo hakuna," Okeyo akasema bila kuinua kichwa. Huyu Okeyo ni mtu ambaye ukinunua msumari na washa yake, kile kiduara cha mpira cha kuzuia maji, washa anakuhesabia kando.

Salmin akatupa macho ukutani, kama afanyavyo mtu aliyekataliwa na hataki kuondoka. Kati ya kadi ya rangi na kalenda palikuwa na kipande cha gazeti ndani ya fremu ya kioo. *Kumi Bora za Jumamosi.* Namba mbili ilizungushiwa kalamu nyekundu: Kreta Boyz.

"Kreta Boyz ndio kina nani?"

Okeyo akaweka kalamu chini. "Ndio kina mimi."

Hadithi ikamtoka yote. Vijana wanne wa Free Area, kofia nyeupe, mguu mmoja wa suruali umekunjwa. Albamu moja, waliyorekodi kwa kompyuta ya kuazima ndani ya chumba kilichobandikwa trei za mayai ili jirani asilalamike. Wimbo wao, "Nipigie Nikuflash", uliingia kwenye chati ya redio namba tisa. Jumamosi iliyofuata, namba tano. Iliyofuata, namba mbili. Hapo ukakaa wiki kumi na moja, halafu ukatoka kwenye chati bila hata kuaga. Namba moja, wiki zote hizo, walikuwa Wazito wa Kihoto, vijana wa Naivasha, na wimbo wao "Sukari ya Ziwa". Kreta Boyz wakavunjika. Mmoja sasa ni pasta, mmoja yuko Qatar, mmoja anauza chapati na hataki kuulizwa.

"Tuliibiwa," Okeyo akasema. "Watu walikuwa wanapiga kura na kadi za salamu. Free Area yote ilitupigia! Hizo kadi zilienda wapi?"

Katika nchi hii, mtu anayeamini kura zake ziliibwa hana haja ya kushawishiwa. Anataka tu wa kumwuliza ikawaje.

"Ikawaje?" Salmin akauliza, akavuta debe la rangi akaketi. Alipomsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa sana. "Na hukupeleka malalamiko kwa Tume?"

"Tume gani?"

"Boss! Tume ya Kurekebisha Chati. Inafungua chati zote za zamani. Kama hesabu ilikuwa na kasoro, matokeo yanafutwa, kura zinahesabiwa upya."

Salmin mwenyewe alikuwa ameifahamu Tume hiyo kwa muda wa kama pumzi mbili hivi. Lakini aliisema kwa macho makavu, na Okeyo akaegemea kaunta.

"Wanataka pesa ngapi?"

"Pesa?" Salmin akasimama kama mtu aliyetukanwa. "Hiyo ni hongo, boss. Mimi hii kazi najitolea. Ila..." Akashusha sauti. "Vile nimekuambia, mathe nyumba inavuja. Mabati arobaini, geji thelathini, zile za maroon. Si malipo. Ni shukrani tu."

"Arobaini? Nyumba ya mamako ni kanisa?"

"Kuna jikoni. Kuna choo. Kuna banda la kuku."

Okeyo akatazama fremu yake. Akatazama stoo yake. Wanaume wawili walipigana ndani yake, na yule wa hadiwea akashindwa.

"Sawa. Lakini mimi si mtoto. Mabati yatatoka matokeo yakishatangazwa. Na yatangazwe na mtangazaji mwenyewe wa chati ile, Bi Kuluthum. Na Ishak, yule kiongozi wa Wazito wa Kihoto, awepo, asikie na masikio yake."

Salmin hakufika hata barabarani kabla ya kutoa simu. Alimpigia Kiprotich, mkulima wa Ndabibi aliyekuwa akijenga boma la ng'ombe, akamwuzia mabati arobaini ambayo bado yalikuwa stoo ya mtu mwingine, pesa ilipwe siku ya kupakia. Pesa ya Kiprotich ingetosha kuwa malipo ya kwanza ya gari aina ya Probox, ile ya rangi ya fedha pale yadi, ambayo Salmin aliizuru mara nyingi hadi mlinzi akamzoea kwa jina. Na paa la mama? Mama angengoja. Alishazoea kungoja.

Bi Kuluthum aliishi vichochoro viwili kutoka kwa Mama Salmin. Redio aliyotangazia ilikufa zamani, lakini ile sauti ilibaki, sauti ya kukufanya usimamishe kijiko hewani. Salmin alimkuta akikunja sambusa.

"Shikamoo, Bi Kuluthum."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usinigusie unga."

Akamweleza. Bibi akasikiliza, akakunja sambusa tatu, akafuta mikono.

"Kwa hivyo wataka niseme uongo."

"Si uongo. Ni marekebisho."

"Na hayo mabati ni ya nani?"

"Ya mama."

"Apa."

"Wallahi ni ya mama."

Bi Kuluthum na huyo mama walisoma chuo kimoja cha Kurani, mkeka mmoja, na ile ndoo ya kando ya kitanda aliijua vizuri, aliwahi kuipiga teke.

"Haya," akasema. "Basi nitawaita na wenzangu wa salamu za redioni, tufanye jambo kwa heshima."

Salmin alifurahi. Watu wakiwa wengi, uongo hupata mashahidi. Hapo ndipo alipokosea.

Kumleta Ishak hakukuhitaji ujanja. Huyo ni mtu ambaye maji ya ziwa yalipoingia Kihoto aliokoa cheti chake cha namba moja kwanza, ndipo akarudia godoro. Salmin alimpigia simu, na hakumaliza sentensi.

"Nani anagusa namba yangu?" Ishak akanguruma. "Niambie ni wapi. Nakuja!"

Siku ya kuhesabu, ukumbi wa Free Area, mkabala na hadiwea ya Okeyo, ulijaa. Wapenzi wa salamu walikuja na fulana zao: Simba wa Menengai, ambaye ni mzee wa kushona viatu, Malkia wa Njoro, Jenerali Asiyechoka, na wengine ambao majina yao halisi hata wake zao wameyasahau. Bi Kuluthum aliketi mbele na gunia la kadi za miaka ile. Okeyo upande huu, Ishak upande ule, kila mmoja na tumbo ambalo halikuwepo wakati wa albamu.

Kuhesabu kukaanza, na kukakwama papo hapo. Kadi ya salamu haihesabiwi kimyakimya, ni ukosefu wa adabu. Kila moja ilisomwa yote: salamu zimwendee shangazi kule Molo, na baba mkwe, na kinyozi, na wote wanaonifahamu. Ukumbi ukapiga makofi kwa kila shangazi. Kadi moja iliyochorwa moyo ikazua vita.

"Hiyo imeharibika!" Okeyo akaruka.

"Imeharibika na nini? Moyo ni moyo!" Ishak naye juu. "Nyinyi hata kucheza hamkujua!"

"Sisi?"

Okeyo akakunja mguu mmoja wa suruali. Mungu wangu. Akapiga hatua mbili, akazunguka, na goti likalia hadi nyuma ya ukumbi. Ishak akajibu kwa mabega. Mtu akaanzisha "Nipigie Nikuflash" kwa mdomo, na ukumbi mzima, hata waliompigia kura Ishak, ukaitikia. Wazee hao wawili walimaliza wakiwa wameshikana ili wasianguke.

Bi Kuluthum akashika kipaza sauti.

"Baada ya hesabu, Wazito wa Kihoto wanabaki namba moja. Isipokuwa wiki ya saba. Wiki ya saba, namba moja ilikuwa yao Kreta Boyz."

Okeyo akalia. Hakuona haya, alilia na kamasi. Ishak akampiga mgongoni. "Wiki moja tu? Chukua, ndugu yangu. Mimi kumi zinanitosha."

Salmin alikuwa tayari anajisogeza kuelekea stoo. Sauti ile ikamshika mlangoni.

"Na sasa, wasikilizaji, salamu za mwisho. Zimwendee Mama Salmin, pale Bondeni, ambaye mwanawe leo anamwezekea nyumba kwa mabati arobaini kutoka kwa bwana Okeyo. Mimi mwenyewe nimemsikia akiapa. Wapenzi wa salamu, mama huyu tutamwacha abebewe na kijana mmoja?"

"Hapanaaa!"

Nakwambia hata dakika haikupita. Okeyo, aliyelewa furaha, akafungua stoo akaongeza misumari, na washa, bure! Simba wa Menengai akatwika mabati ya kwanza, Jenerali akafuata, na Ishak akaingiza yaliyobaki kwenye pikapu yake. Msafara ukaelekea Bondeni ukiimba "Sukari ya Ziwa". Simu ya Salmin ikalia.

"Mimi niko kwa stage na lori," Kiprotich akasema. "Mabati iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njia gani?"

Salmin akatazama maroon ile ikipinda kona. "Njia ya kwa mathe," akasema, akazima simu.

Akamkimbilia Bi Kuluthum. "Umenimaliza!"

"Kwani hukuapa?"

Salmin akajikuna kichwa. "Lakini hiyo wiki ya saba... kweli walishinda?"

Bi Kuluthum akacheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu, siku zile hatukuhesabu hata kadi moja. Kila Ijumaa nilikuwa naketi na chai yangu, napanga kumi bora vile roho inapenda. Vijana wa Kihoto walikuwa wananiamkia vizuri, basi." Akamgonga kidole kifuani. "Panda ngazi, watu wanakungoja."

Salmin alipigilia misumari siku mbili, Simba wa Menengai akimshikia ngazi na kumsimanga kila alipopinda mmoja. Akajipiga kidole gumba mara nyingi. Pale yadi, Probox ya fedha ilipata mwenyewe, na hakuwa Salmin.

Mvua ilikuja wiki hiyo hiyo, adhuhuri, ikapiga mabati mapya kwa kishindo hadi watu wakawa wanaongea kwa kupayuka. Mama Salmin aliketi kitandani akitazama juu. Alingoja tone la kwanza. Halikuja. Akangoja tena, kwa mazoea.

"Nilikuwa nimekata tamaa na wewe!" akapaza sauti, na machozi yakamtoka. "Nilimwambia Kuluthum, huyu hata siku ya kunizika atakuja na hadithi!"

Salmin, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akainamisha kichwa. Aliona haya, na hakujua aweke wapi mikono.

Mama akainama, akaivuta ile ndoo kutoka kando ya kitanda, akaifuta kwa kanga, akamkabidhi.

"Haya chukua, kaoge. Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukinuka kazi."