Dakika Hamsini Hazitoshi Kuposa

Ndugu Meneja wa Shirika la Ndege,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, tena kwenye kiti chenye sponji ya kueleweka. Mimi ni fundi wa masofa, mgane, mtu mzima mwenye akili zangu. Wiki iliyopita nilipanda ndege yenu kwenda kumwona binti yangu aliyejifungua. Nakuandikia kulalamikia ufupi wa safari ile.

Kwa basi, kati ya miji ile miwili mtu hulala njiani. Anakula, anagombana na kondakta, anapatana naye, na anashuka akiujua ukoo mzima wa jirani yake. Ninyi mmeuruka umbali wote huo kwa dakika hamsini. Haraka ya nini, ndugu yangu?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kando yangu aliketi mama mmoja, mkunga, mjane. Ndege ilipojiinua alinishika mkono kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta watoto waje duniani. Kabla sijayazoea maumivu, rubani akaiweka ndege sawa, naye mama akaniachia. Rubani alikuwa na ulazima gani wa kuinyoosha mapema vile?

2. Tukaanza kuongea. Nikamweleza tofauti ya sponji na sufi, akacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Nikajipa moyo, nikamwuliza, "Mama, ungekubali kuolewa na mtu kama mimi?" Papo hapo akatokea mhudumu wenu na kigari chake: "Juisi ya embe au ya chungwa?" Mkunga akasema, "Mimi sina neno." Mpaka leo sijui alimjibu nani.

3. Nikakohoa ili nirudie swali, rubani akatangaza kwamba tunatua. Tunatua! Barafu haijayeyuka hata kwenye glasi! Mara watu wamesimama, mabegi yanashushwa juu ya vichwa vyetu, na nje kaka yake mkunga anampungia mkono. Niliambulia kumtajia namba yangu ya simu kwa sauti ya dalali wa mnada, abiria wote wakisikia. Wawili wamekwisha kunipigia kuulizia makochi.

4. Binti yangu, badala ya kunipa pole, alicheka hadi mtoto akaamka. Hilo nalo lawama ni yenu.

Kwa unyenyekevu naomba ndege iwe inazunguka ziwa lililo kando ya uwanja mara tatu kabla ya kutua. Ikiwa mafuta hayaruhusu, ifuate barabara na isimame kila kituo cha basi. Ikiwa hilo nalo ni gumu, shirika lizungumze na wakubwa ili mji ule usogezwe mbele kidogo. Sioni kinachoung'ang'aniza pale ulipo.

Nisalimie rubani (sina kinyongo naye, ila ajifunze kusitasita), yule mhudumu, wapakia mizigo, na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi, niliyeshushwa kabla ya wakati,
Fundi wa Masofa

Baada ya sahihi: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Ni mkunga! "Baba, mbona kimya? Mimi si nilishakubali kule kule angani?" Ananitaka Jumamosi nirudi kule nikaonane na kaka zake. Tafadhali, yote ya hapo juu yapuuze. Hivi, hamna ndege inayokwenda kasi zaidi? Dakika hamsini, Ndugu Meneja! Mtu si atazeekea huko juu?