Samaki Hafi Mara Mbili

Jumatatu, 1 Machi 1965

Wadudu wamerudi! Nimefungua gunia la ngege wakavu niliowatoa Kisumu, unga ukamwagika miguuni pangu. Unga wa samaki! Ndani wadudu weusi wanatembea kama wenye duka. Hapa sokoni Kakamega wateja walinusa, wakacheka, wakavuka kwenda kwa Onesmus. Meza yake inatazamana na yangu. Samaki wake hawaguswi na mdudu, mvua inyeshe au jua liwake. Mtu wa namna gani huyo?

Mama yangu, Ayuma, ambaye hukaa nami mezani siku za soko, aliwaambia wateja kwa sauti kwamba wadudu hupenda kitu kizuri. Mama ndiye mtu pekee anayeielewa biashara.

Jumanne, 2 Machi

Nimemwuliza Onesmus siri yake. Si moja kwa moja. Nilisema ni binamu yangu anataka kujua. Akacheka, akasema huwaloweka samaki katika maji ya chumvi yaliyochemshwa na mchaichai, kisha huwakausha kwa moshi wa majani ya mpera hadi wakauke kabisa. Akasema niende kwake hata kesho anionyeshe.

Uongo mtupu! Nani hutoa siri yake bure? Akisema ni mchaichai, basi ni jani lolote isipokuwa mchaichai.

Alhamisi, 4 Machi

Nimegundua! Nilikuwa shambani kwetu Sigalagala. Mama amepanda utupa pembeni mwa mahindi ili kuwafukuza fuko. Majani ya maharagwe yametobolewa yote. Ya utupa hayana hata tundu. Mdudu hali utupa. Basi hatamla samaki aliyelowekwa kwa utupa. Mtoto wa shule angeona hilo!

Mke wangu Roda alishika kichwa. Akanikumbusha kwamba vijana husaga utupa na kuumwaga mtoni, samaki wakaelea tumbo juu.

"Baba Musimbi," akasema, "hiyo ni sumu ya samaki!"

Nikamweleza polepole, kama mwalimu. Ni sumu ya samaki walio hai. Hawa wangu walikufa tangu Kisumu. Samaki hafi mara mbili.

Alichukua mtungi akaenda kisimani akiongea peke yake.

Jumamosi, 6 Machi

Nimetwanga majani kutwa nzima. Nimeyaloweka katika pipa, nikawatumbukiza samaki, nikawaanika. Maji ni ya kijani kibichi na yananuka. Dawa gani nzuri hainuki?

Nzi wanatua juu ya samaki, wanayumba, wanaanguka. Wanaanguka! Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu. Nimeipa jina tayari: Dawa ya Uhuru. Wazungu wanafunga mizigo yao. Nani atavumbua vitu sasa kama si sisi?

Kuku mmoja alidonoa vipande vilivyoanguka, akafa. Roda akaninyooshea kidole. Nikamwambia ni kideri. Jioni akafa wa pili. Nikamwambia kideri huambukiza.

Jumatano, 10 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi hospitalini. Lakini nianze mwanzo, maana mwanzo ulikuwa mzuri.

Nilipanga samaki mezani. Hakuna mdudu hata mmoja! Onesmus alivuka, akanusa, akauliza nimetumia nini. Nikasema mchaichai. Akamgeuza samaki, akaona ukijani kwenye mashavu, akawaambia watu kwa sauti wasinunue mpaka nitakaposema ukweli. Wivu! Watu wakarudi nyuma.

Hapo Mama akasimama. Mwanamke mwembamba, mjane wa miaka mingi, ambaye hajawahi kuniona nikikosea tangu nizaliwe. Akasema mwanawe si mchawi. Akachukua samaki wawili, wakubwa kuliko wote, akawapeleka kwa mwanamke anayepika chakula kule nyuma. Akarudi na sahani na obusuma, ugali wetu. Akala mbele ya soko zima. Akanywa mchuzi wote. Akalamba vidole.

"Mmeona?" akasema. "Huyo ndiye mtoto wangu."

Watu walipiga makofi. Hata wale wa nguo za mitumba walikuja kutazama. Nilisimama na kisu mkononi, machozi yakinilengalenga. Foleni ikaanza! Sikuwa nimewahi kuwa na foleni.

Kabla sijamfungia mteja wa kwanza, Mama alisema anasikia baridi. Jua lilikuwa kali. Akakaa chini, kisha akalala, akaanza kutapika. Onesmus ndiye aliyembeba. Mimi sikuweza kukiweka chini kisu.

Alhamisi, 11 Machi

Daktari aliuliza alikula nini. Nikasema obusuma na mboga. Ningefanyaje? Wakiandika samaki, jina limekwisha. Daktari akamgeukia Mama, akamwuliza yeye. Mama alinitazama. Hakuweza kuinua kichwa.

"Mboga," akasema.

Kisha akanifumbia jicho moja, kama alivyokuwa akifanya nilipoiba sukari na baba akauliza nani.

Roda aliingia baadaye akiwa na matope miguuni. Alimwambia daktari kila kitu mbele yangu: utupa, pipa, kuku. Daktari akatoka mbio.

Mama alikufa kabla jua halijazama. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Ulikuwa mdogo sana. Sikuwa nimeona kwamba ulikuwa mdogo hivyo.

Jumapili, 14 Machi

Tumemzika Mama. Onesmus alibeba jeneza upande wa mbele. Alileta samaki wake kuwalisha waombolezaji, wote wakala, wakasifu. Mimi sikugusa. Alinishika bega akasema, "Pole, ndugu yangu." Kujionyesha tu! Msibani!

Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Sikumpinga.

Mzee wa kijiji, Shitanda, aliamuru samaki wangu wote wafukiwe shimoni. Waliwafukia bila hata kuniuliza. Nililia nyuma ya jiko. Watu walidhani nawalilia samaki. Wacha wadhani.

Nimefikiri usiku kucha. Kosa lilikuwa chumvi. Nilitia kidogo mno.

Jumamosi, 20 Machi

Roda ameenda kwao Shianda na mtoto wetu Musimbi. Hakuaga. Aliacha neno kwa jirani kwamba kaka yake atakuja kumchukua ng'ombe, maana ng'ombe ni wake, alipewa na baba yake. Nyumba iko kimya. Asubuhi nilimwita Mama aje anywe chai, nikakumbuka.

Nilikwenda kumtazama ng'ombe. Masikio yamejaa kupe! Nikasimama pale nikafikiri. Tatizo lote lilikuwa kula. Lakini kupe haliwi na mtu. Hapo hakuna hatari hata kidogo! Ajabu sikuliona mapema.

Nimetwanga majani mabichi ya utupa, mazito kuliko ya mwanzo, bila kuongeza maji. Nimempaka ng'ombe mzima dawa hiyo, kutoka pembe hadi mkia. Kupe wanadondoka kama mvua! Roda akisikia ng'ombe wake amekuwa safi, atarudi mwenyewe. Onesmus naye atajua mimi ni nani.

Ninapoandika, ng'ombe amesimama hapa mlangoni anajilamba. Anajilamba mwili mzima, haachi.

Inaonekana anaipenda.